Kisanduku cha Nne

Kabla ya fomu kulikuwa na daftari. Lilifungwa kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango wa chumba cha pasi, na kalamu yake nayo ilifungwa kamba, maana wakubwa waliamini sisi wafuaji ni watu wa kuondoka na kalamu. Ukiona kasoro, mashine inavuja au troli limekatika gurudumu, unaandika humo kwa lugha uliyonyonya. Kazi ya daftari ilikuwa kuandikwa. Kazi ya kulisoma haikupewa mtu.

Mimi nimekaa meza ya kuchambulia miaka ishirini na mitatu. Nguo zote za mahoteli na hospitali zinazoingia kiwandani kwetu zinapita mikononi mwangu kwanza: mashuka huku, taulo kule, vitambaa vya meza peke yake, na kila doa nalitajia dawa yake. Wananiita Mzee Madoa. Doa la mvinyo, la damu, la rangi ya mdomo ambalo mwenye shati asingependa mkewe alione, yote nayajua kwa jicho, na jicho likishindwa natumia pua. Shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna doa lililowahi kuniuliza cheti.

Mbele ya meza yangu, hatua kumi hivi, ipo pasi namba tatu. Hapo ndipo aliposimama mke wangu miaka kumi na sita, Mungu amrehemu. Nilikuwa nikiinua kichwa namwona. Siku hizi amesimama mwingine, binti wa watu, sina ubaya naye, lakini kichwa kina mazoea yake. Kinainuka tu.

Basi akaletwa meneja mpya. Tulimwita Bwana Kalamu kwa sababu mfuko wa shati lake ulibeba kalamu nne, kila moja na rangi yake, kama yeye ndiye aliyefungua shule. Alikuwa hajamaliza miezi minane alipotukusanya kwenye ukumbi wa chakula kutuonyesha fomu. Alisema mteja wetu mkubwa, kampuni ya mahoteli ya ng'ambo, anataka kasoro zote ziandikwe kwa Kiingereza na nakala ya kila fomu imfikie. Daftari limestaafu. Juu ya fomu kulikuwa na visanduku vinne vimepangwa kwa mstari, na kila kimoja na neno lake: notice, find out, discover, realize. Akaeleza kwamba mteja hataki kujua kasoro peke yake, anataka kujua na wewe uliijuaje. Unatia tiki kisanduku kimoja, halafu chini unajieleza.

Nikamuuliza, kwa adabu zangu zote, kama doa hutoka haraka likishaambiwa limeonekanaje. Watu wakacheka. Yeye akaandika kitu kwa kalamu ya kijani.

Tulipewa wiki nne, halafu mtihani. Atakayeshindwa, alisema, hatafukuzwa, asiogope, atapangiwa kazi nyepesi kwenye ghala la hanga za kutundikia nguo. Ghala la hanga tunalijua. Liko nyuma ya uzio, halina dirisha, na tangu nianze kazi wamepelekwa wazee watatu kupanga hanga ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Hakuna aliyefikisha miezi sita, waliacha kazi wenyewe. Akufukuzaye hakuambii toka, anakupa hanga. Na mimi sikuwa naogopa hanga. Niliogopa kwamba huko, nikiinua kichwa, nitaona ukuta.

Wiki ya kwanza tulijiaibisha wote kwa pamoja. Dereva wa gari la mashuka, tunamwita Kipaza kwa sauti yake isiyojua siri, alishika fomu akatutangazia kwamba siku zote jibu la wasomi huwa la mwisho, na neno la mwisho ndilo lenye herufi ile ya zeti, herufi ambayo kwa Kiingereza watu wa kawaida hawaigusi. Tukamwamini. Mtu akiwa na sauti kubwa hukosi kumwamini. Fomu arobaini na moja zikapanda ofisini, zote zimetiwa tiki kisanduku cha nne.

Bwana Kalamu alizisoma mbele yetu moja moja, na alitafsiri ili utamu usitupite. Kwa mujibu wa fomu zetu, mpiga pasi namba moja alikaa na shati lisilo na kifungo siku nyingi mpaka akili ilipomfikia kwamba kifungo hakipo. Fundi wa mashine alikuwa amesimama kwenye maji, na baada ya kutafakari maisha yake akang'amua kuwa bomba limepasuka. Kipaza mwenyewe aliishi na pancha muda mrefu bila kuielewa. "Kiwanda hiki," alisema Bwana Kalamu, "hakina mtu hata mmoja mwenye macho. Mna akili tu, na zinachelewa kazini."

Nikajua hapa sitoki peke yangu. Nikampigia simu shemeji.

Shemeji yangu ni mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, na tangu siku ya harusi yetu kazi yake kubwa duniani ni kunitania. Alisema atakuja kila Jumanne na Alhamisi akitoka shule, ila chai niipike mimi, na sukari isiwe ya kupimwa kwa kijiko cha dawa. Akaja. Ninakaa ghorofa ya nne, ngazi ni za saruji, hakuna kingine cha kukupandisha. Akaingia akihema, akatupa mkoba kitini, akauliza kama mwanafunzi wake ameshanawa mikono.

Ana namna yake ya kufundisha. Kamusi hakufungua. Alisema kisanduku cha kwanza ni cha jicho: kitu kiko pale, jicho limekinasa, basi. "Kwa mfano mtu ameingia nyumbani kwako amesuka nywele mpya, na wewe ukaona."

Nikamwambia sikuona kama amesuka.

"Ndiyo maana tunaanza na cha kwanza, shemeji."

Cha pili ni cha mdomo na sikio: hukujua, ukauliza, ukadodosa, ukaambiwa. Cha tatu ni cha mkono: umefunua kitu ambacho hakuna aliyejua kipo. Na cha nne? Hapo alizungusha kikombe kidogo. Cha nne, alisema, ni pale ambapo kitu ulikuwa nacho siku zote. Jicho liliwahi zamani, likakaa kusubiri, na akili inakuja nyuma kwa miguu.

"Majuto ni mjukuu," nikasema.

"Huyo huyo mjukuu. Na mjukuu hamtangulii babu."

Akanipa kazi ya nyumbani: kila kisanduku nikiandikie sentensi moja ya kweli, iliyonitokea mimi, si ya kutunga. Nikaingia kazini kweli kweli. Kwa cha kwanza niliandika kwamba jirani wa ghorofa ya tatu amepaka mlango rangi ya buluu upande mmoja tu, upande mwingine rangi ilimwishia. Kwa cha pili nilimdodosa mama anayefagia ofisi, nikaambiwa kwamba katika zile kalamu nne za Bwana Kalamu, tatu hazina wino. Sentensi hiyo shemeji aliisahihisha mara mbili huku machozi ya kicheko yanamtoka. Kwa cha tatu niliandika habari ya meno ya bandia niliyoyatoa kwenye mfuko wa koti la hoteli, seti nzima, yanacheka. Mwenyewe hakujitokeza kuyadai mpaka leo.

Kwa cha nne nikaacha mstari mtupu. Jumanne ya pili mtupu, Alhamisi mtupu, Jumanne ya tatu mtupu. Shemeji akaniuliza kulikoni. Nikamwambia mimi si mtu wa kuchelewa kuelewa. Wanaochelewa ni wakubwa.

Na hapo nikafunguka, kama ninavyofunguka siku zote, yeye anaijua hadithi hii kuliko wimbo wa shule. Feni ya kuvuta mvuke juu ya zile pasi ilikufa. Mvuke, na dawa za madoa zilizomo ndani yake, vikawa havina pa kutokea ila vifuani mwa watu. Mke wangu aliandika kwenye daftari mara sita. Mara sita, na tarehe juu, maana alikuwa na mwandiko mzuri, yeye alifika darasa la saba. Meneja wa wakati huo alikuwa akipita pale na tai yake, anafuta miwani iliyoingia ukungu, anaendelea na safari. Kikohozi kikaja, kikakaa, kikaita wenzake. Hospitali walituzungusha, dirisha hili nenda lile. Alipozikwa kiwanda kilileta shada la maua lenye jina lililokosewa. Nikamaliza kwa kusema, kama ninavyomaliza siku zote, kwamba wote wale walikuwa na macho.

Siku zingine shemeji huitikia. Siku hiyo aliangalia ule mstari mtupu.

"Na wewe, shemeji," akasema, "wewe uliona nini?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia aje anifundishe Kiingereza, si kunifanyia kesi kwenye meza yangu mwenyewe. Hakugombana. Aliosha kikombe chake, akakifunika, akachukua mkoba. Alhamisi hakuja. Chai nilipika, ikapoa.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jumamosi nilitoka sokoni na ndoo ya viazi mkono mmoja na dumu la mafuta mkono mwingine, nikaanza kupanda. Zamani mizigo yote nilibeba mimi. Mwaka ule wa mwisho mke wangu alianza kusema kwamba mimi nina mikono ya kiume hasa, mtu angeona haya kushika ndoo mbele yangu, na mimi, mjinga, nilivimba. Nilikuwa napanda na mzigo mpaka juu, naweka, nawasha redio, naoga, ndipo yeye anaingia. Kila ghorofa alikuwa na shoga wa kusimama naye. Nilimwita Redio Ngazini. Niliwaambia hata wenzangu kazini: mke wangu akipanda ghorofa nne, habari za nyumba nzima zinajulikana kabla hajafika mlangoni. Yeye alikuwa anacheka tu, ameshika fremu ya mlango.

Ghorofa ya pili pumzi zikanikata. Miaka hamsini na tisa si mchezo. Nikatua ndoo. Mama wa ghorofa hiyo, mshona nguo, anayeacha mlango wazi kwa ajili ya mwanga, akaniona. Alinyanyuka kwenye cherehani, akatoa kigoda kidogo cha mbao, akakiweka penye kona ya ngazi, ukutani, kama mtu anayeweka kitu mahali pake.

"Kaa, baba. Ndicho alichokuwa anakalia mama."

Nikakaa. Kutia neno tu, nikamtania kwamba basi hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya umbea, na leo anitolee siri, walikuwa wanaongea nini muda wote ule.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali aliposimama.

"Kuongea na pumzi ipi?" akasema. "Alikuwa anakaa tu. Mimi nashona, yeye anakaa. Akishasikia redio yako imewaka huko juu, anajua umeshafika, ndipo anainuka."

Akarudi kwenye cherehani. Mimi nikabaki pale mpaka viazi vikaanza kuulizwa na wapita njia bei gani.

Jumatatu saa mbili asubuhi tukakalishwa ukumbi wa chakula, kiti kimoja kimoja, kama watoto. Kipaza alikuwa amejiandikia majibu kiganjani na jasho limeyafuta. Bwana Kalamu akagawa fomu, akasema kila mtu aandike kasoro moja ya kweli anayoifahamu, popote kiwandani, achague kisanduku kinachostahili. Nilikuwa nimejiandalia doa la kahawa. Doa zuri, kisanduku cha kwanza, sentensi mbili, nimezikariri kama dua.

Mkono ukaenda kisanduku cha nne.

Niliandika kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nafuta na kuandika. Niliandika kwamba mke wangu alikuwa akichoka. Kwamba alikaa kwenye ngazi na mimi nikadhani anaongea. Kwamba meza yake ya pasi ilisogea kidogo kidogo kuelekea mlangoni, alama za miguu ya meza ziko sakafuni mpaka leo, nazikanyaga kila siku nikienda chooni, na nilidhani anatafuta mwanga. Kwamba feni ya juu haifanyi kazi. Penye tarehe nikaandika mwaka aliofariki. Penye mahali nikaandika pasi namba tatu, na ngazi. Penye hatua iliyochukuliwa na aliyeijua kasoro nikakaa muda mrefu. Neno nilikuwa nalo tangu Jumamosi, ila kulitia kwenye karatasi ya watu ni kazi nyingine. Nikaandika: nilimcheka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa hatua iliyochukuliwa na ofisi. Huo haukunichosha. Niliandika: daftari, mara sita.

Walituita mmoja mmoja. Bwana Kalamu alisoma yangu, akairudia kutoka juu. Alisema hii si kasoro ya ufuaji. Halafu akasema Kiingereza kina makosa tisa. Halafu akazungusha kalamu, moja ya zile zisizo na wino.

"Feni ipi?" akauliza.

Nikampeleka. Tulisimama penye pasi namba tatu, nikamwonyesha juu. Ile feni imeota manyoya ya vumbi na pamba, huwezi kujua ina mapanga mangapi. Binti wa pasi akaacha kupiga pasi. Akina mama wote wakaacha.

"Napita hapa kila siku," akasema, kwa sauti ndogo. "Nimeiona."

"Basi, bwana meneja, tia tiki kisanduku cha kwanza. Cha nne bado kinakuja kwa miguu."

Kipaza alicheka mpaka nje walimsikia. Bwana Kalamu hakuandika kitu. Aliniambia nirudi mezani kwangu. Nikauliza meza ipi, ya kuchambulia au ya hanga. Akasema makosa tisa yanasahihishika, kisanduku nilichochagua ni sahihi, na kati ya fomu arobaini na moja ni yangu peke yake iliyokuwa na haki ya kukitia tiki.

Sasa sikilizeni mambo ya wakubwa. Fomu haina huruma, nakala yake lazima iende kwa mteja, ndivyo walivyopanga wenyewe. Ikaenda. Haikupita wiki, yule mteja wa ng'ambo akaandika swali la mstari mmoja: daftari gani? Ofisi nzima ikageuka chini juu kulitafuta lile la miaka ya mke wangu, lililokwisha kujaa zamani na kuondolewa msumarini. Kipaza ndiye aliyelipata, chini ya mguu mfupi wa friji ya ofisini, limekaa hapo miaka friji isiyumbe. Walilifungua mbele ya Bwana Kalamu, na mwandiko wa mke wangu ulikuwa pale, umenyooka, mara sita, tarehe juu. Nasikia alisoma yote sita amesimama.

Mafundi walikuja siku ya kumi na moja baada ya mtihani. Mwanamke wa darasa la saba aliandika vizuri kwa lugha yake mara sita, hakusikika. Mimi nimeandika vibaya kwa lugha ya watu mara moja, wakaja na ngazi. Mnitafutie kisanduku cha hilo, maana katika vile vinne sikukiona. Walipoiwasha ile feni ilipiga kelele kama ndege inayotaka kuruka na kiwanda, foronya zikapeperuka mpaka mezani kwangu, na akina mama wa pasi, ambao jana walikuwa wanalia joto, leo wanalalamika baridi ya mgongo. Bwana Kalamu alinijia akauliza kama nimefurahi. Nikamwambia nimeona inazunguka.

Jumanne iliyofuata nilirudi mapema, nikapika chai, nikampigia shemeji kwamba mwanafunzi amemaliza ile sentensi. Hakuahidi. Saa kumi na nusu nikasikia viatu vyake huko chini, navijua. Nikashuka. Nilimkuta ghorofa ya pili amesimama, mkono ukutani, anatafuta pumzi ya kunigombeza. Mshona nguo alikuwa ameshanyanyuka, lakini nilimwahi. Kigoda nilikitoa mimi.

Shemeji akakaa. Akakitazama kigoda, akanitazama mimi, na sikumweleza, akaelewa. Mimi nikakaa ngazi ya chini yake. Cherehani ikaendelea. Hakuna aliyeongea mpaka pumzi zake zilipotulia, na hata zilipotulia tulikaa.

"Umesuka," nikasema.

"Nimesuka tangu ile Jumanne ya kwanza, shemeji. Hizi zinakaribia kufumuliwa."

Nikachukua mkoba wake, nikaubeba juu.